Je, wajua kwa nini tone la maji hukimbia juu ya kikaango cha moto?

Kabla ya kuweka chapati ya kwanza, wapishi wengi hudondosha maji kidogo ili kupima moto. Tone likilia chwaa na kutoweka, moto umekolea. Kwa miaka mingi niliamini kwamba moto ukizidi hapo, tone litakauka upesi zaidi. Sivyo. Kikaango laini kikipita kama nyuzi 200 za Selsiasi, tone hujikunja kama shanga, ukingo wake ukitetemeka, likateleza huku na kule, na laweza kudumu dakika nzima au zaidi. Kwenye nyuzi 150 tone hilohilo lingekwisha ndani ya sekunde chache. Yaani penye moto mkali zaidi ndipo maji hukaa zaidi! Daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliyaandika haya mwaka 1756, baada ya kudondosha maji kwenye kijiko cha chuma kilichoiva motoni.

Siri iko chini ya tone. Maji ya upande wa chini hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hulibeba tone lisiguse chuma. Utando wake ni mwembamba, kama sehemu ya kumi ya milimita. Mtu akishika sufuria kwa kitambaa haungui upesi, kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye nyuzi za kitambaa hupitisha joto polepole. Mvuke ndio kitambaa cha tone, ila hiki huvuja pembeni bila kukoma, na tone hulazimika kukifuma upya kwa maji yake lenyewe.

Uso ukiwa na vinundu je? Inategemea umbo na nafasi zake. Vingine hufanya tone lielee kwenye joto la chini zaidi. Vingine hutoboa utando na kuyagusa maji: mwaka 2022 watafiti wa Hong Kong walitumia nguzo ndogo za chuma zenye utando wa kuzuia joto katikati yake, na maji yakaendelea kuchemka hata juu ya nyuzi 1,000.

Linalonivutia kuliko yote ni uso wenye meno ya msumeno yaliyolala upande mmoja. Mwaka 2006 mwanafizikia Heiner Linke na wenzake walionyesha kwamba matone juu yake hushika njia moja, kwa mwendo wa sentimita kadhaa kwa sekunde, na hata kupanda mteremko. Inaelekea mvuke unaotoroka kwa kufuata meno ndio unaoyakokota, maana kipande cha barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), ambacho ni kigumu na hakijikunji, nacho husafiri vilevile.