Tone moja juu ya kioo: ninavyochagua kiyeyushi cha kusafishia bodi ya elektroniki

Chupa mpya ya kiyeyushi ikinifikia, nadondosha tone moja juu ya kioo safi na kuliacha likauke lenyewe. Likiacha duara, ukungu au utelezi, chupa hiyo haigusi bodi yangu, lebo iseme itakavyo. Alkoholi ya aisopropili huuzwa kwa kazi nyingi, na ile ya kupaka mwilini mara nyingine hutiwa manukato au gliserini. Gliserini haikauki.

Natafuta ya asilimia 99. Ya asilimia 70 inaua vijidudu vizuri, ila sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, nayo hukawia chini ya chipu, mahali ambapo jicho halifiki. Wapo wanaofikiri wataichemsha ili maji yatoke. Ni kinyume: mvuke unaotoka ndio wenye alkoholi nyingi, kwa hiyo sufuriani unabakiwa na maji zaidi, na chumba kimejaa mvuke unaosubiri cheche. Alkoholi ya asilimia 99 kwenye nyuzi 12 tu za Selsiasi tayari hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Tena inafyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana nanunua chupa ndogo na kukaza kifuniko.

Asetoni inayeyusha fluksi, ile dawa ya kulehemia inayobaki kwenye bodi, upesi kuliko alkoholi, na haichagui. Niliwahi kufuta doa kwenye kasha la redio la plastiki. Doa likatoka, na ngozi ya kasha ikatoka nalo. Plastiki za ABS na polistireni haziiwezi kabisa. Siku hizi naitumia kwenye ncha za chuma tu.

Lakini lawama nyingi zinazotupiwa kiyeyushi si zake. Mtu anasugua bodi kwa brashi, inakauka, anaona utando mweupe wenye kunata, anakimbilia kutafuta dawa kali zaidi. Fluksi yake iliyeyuka vizuri sana, hakuiondoa, aliitandaza. Mimi namimina, nasugua, kisha kabla haijakauka nalaza kitambaa kisichoacha nyuzi juu ya bodi na kupiga brashi juu yake, kitambaa kinywe ule uchafu. Halafu nasuuza kwa alkoholi mpya. Utando ukirudi, narudia.

Soma pia aina ya fluksi. Ile inayooshwa kwa maji inataka maji ya moto yaliyoondolewa chumvi na madini, na ikiachwa itala shaba. Ile inayoitwa ya kutosafishwa, ama isafishe yote ama iache kabisa. Ikisafishwa nusunusu ndipo huleta matatizo.

Na usioshe kila kitu. Potenshomita, kama kile kirungu cha kuzungusha sauti ya redio, ikilowa, grisi yake huondoka na uchafu wa fluksi huingia ndani. Maikrofoni, baza (kile kinachopiga mlio) na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) zilizo wazi naziziba kwa utepe kabla sijafungua chupa, au nazilehemu mwisho, bodi ikishakauka.