"Nosotros": kwaheri isiyotaja sababu

Ninaowafundisha Kihispania huniuliza swali lilelile kila nikiwawekea bolero hii ya Cuba, yaani wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu: kama wanapendana kiasi hicho, kwa nini waachane?

Jibu lililozoeleka ni kisa cha mtunzi mwenyewe. Pedro Junco, kijana wa Pinar del Río, magharibi mwa Cuba, alifariki tarehe 25 Aprili 1943 akiwa na miaka 23 tu. Inasimuliwa kwamba alikuwa na kifua kikuu, akaona bora amwache mpenzi wake kuliko kumwambukiza. Si vigumu kukiamini kisa hicho, maana ugonjwa huo ulikuwa bado hauna dawa ya uhakika. Streptomaisini, antibayotiki ya kwanza kuutibu, ilipatikana baadaye mwaka huohuo katika maabara ya Selman Waksman, New Jersey.

Lakini sikiliza maneno yenyewe kwanza. Hamna ugonjwa humo, hamna daktari wala kifo. Kuna mtu anayeomba asikilizwe: ana neno la kusema, pengine hulitarajii, pengine litauma. Anavutavuta muda. Halafu anaingia kwenye "nosotros", yaani sisi: sisi tuliokuwa wakweli, tuliopendana tangu siku tulipoonana. Anarudia: sisi tulioligeuza penzi letu kuwa jua. Ukiishia hapo utadhani ni wimbo wa harusi. Mara ya tatu ndipo mambo yanageuka: sisi tunaopendana hivi, hatuna budi kutengana, "no me preguntes más", usiniulize zaidi.

Kumbe ameshaulizwa! Tunachosikia ni nusu ya mazungumzo; yule mwingine yupo palepale, anadai sababu, na hapewi. Anachopewa ni viapo: si kwamba mapenzi yamepungua, nakupenda kwa roho yangu yote. Kufikia mstari wa mwisho ile "sisi" imeshakatika, wamebaki "mimi" na "wewe": kwa jina la penzi hili, na kwa ajili ya heri yako, nakuaga.

Msikilize mwimbaji wa Marekani Eydie Gormé akiuimba na kundi la Trio Los Panchos mwaka 1964. Anayeimba ni mwanamke, wala hakuna neno linalomlazimu kubadilisha chochote. Yule kijana wa Pinar del Río hayumo tena, ila uchungu uko vilevile. Ndiyo maana nasema kifua kikuu kinaeleza labda wimbo ulikotoka, hakielezi kwa nini unatutoa machozi hadi leo.

Kwangu mimi panapouma zaidi ni "por tu bien", kwa heri yako. Anayeondoka ameshaamua peke yake lipi ni jema kwa mwenzake. Hakumuuliza kama yuko radhi kubaki naye, lije litakalokuja. Huenda angekubali kubaki. Wimbo mzima haumpi hata mstari mmoja wa kujibu.