PoE ni nini, na kwa nini kamera huzima usiku

PoE (Power over Ethernet) ni utaratibu wa kupitisha umeme na data katika kebo moja ya mtandao. Kwa kamera za ulinzi, maana yake ni kwamba kila kamera huvutiwa kebo moja tu: picha hurudi kwa njia ileile iliyoleta umeme, na hakuna soketi wala adapta ya kuhangaikia kule juu ukutani. Umeme hutoka kwenye swichi ya PoE (kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao kwa kebo), au kwenye rekoda ya picha (NVR) yenye poti, yaani matundu ya kebo, za PoE kwa nyuma. Kamera ikiwa moja tu, injekta, kifaa kidogo cha kuingiza umeme kwenye kebo, hutosha. Huwekwa kati ya swichi ya kawaida na kamera.

Wengi huogopa kuchomeka kompyuta kwenye swichi ya aina hii wakidhani itaungua. Swichi inayofuata kiwango cha IEEE, taasisi inayoweka viwango vya mitandao, haimwagi umeme ovyo. Kwanza hupima kwa volti ndogo, kama 10 au pungufu, ikitafuta ukinzani wa takriban kilo-omu 25 ambao kila kifaa cha PoE cha kiwango hicho huwa nao ndani. Ikiukuta, hupandisha volti hadi kati ya 44 na 57. Isipoukuta, poti hubaki ya data tu. Cha kuogopa ni PoE pasivu, mara nyingi ya volti 24, ambayo husukuma umeme bila kupima chochote. Kamera ya kiwango cha kawaida kwa kawaida haiwaki kwa volti hizo, na kifaa kisichotarajia umeme kwenye kebo kinaweza kuharibika. Neno PoE kwenye boksi halitoshi. Tafuta maandishi 802.3af, 802.3at au 802.3bt.

Herufi hizo zinataja nguvu. 802.3af, ya mwaka 2003, hutoa wati 15.4 kwenye poti na kuhakikisha wati 12.95 zinafika kwenye kamera. 802.3at ya 2009 hutoa wati 30, zikafika 25.5. 802.3bt ya 2018 hufika hadi wati 90 kwenye poti. Tofauti kati ya kinachotoka na kinachofika ni joto linalopotea kwenye waya. Chukua af: mkondo wa ampea 0.35 ukipita kwenye ukinzani wa omu 20, wati 2.45 hupotea njiani. Ukinzani ukizidi hapo, upotevu nao huzidi. Kamera nyingi zisizozunguka hutosheka na af. Zile zinazozunguka na kuvuta picha ya mbali, hasa zenye hita, huhitaji at au bt.

Sasa lile tatizo linalowasumbua mafundi kuliko yote: kamera inafanya kazi vizuri mchana kutwa, lakini giza likiingia inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Giza likiingia ndipo taa za infraredi, zinazoiwezesha kamera kuona gizani, huwaka, na matumizi ya umeme hupanda. Chunguza mambo mawili kabla ya kuilaumu kamera.

La kwanza ni jumla ya wati za swichi. Swichi ya poti 8 haimaanishi kwamba inaweza kutoa wati 15.4 mara 8. Ikiwa jumla yake ni wati 65 na kila kamera inakula wati 9 taa zikiwa zimewaka, kamera 7 zitatumia 63 na ya nane haina chake. Piga hesabu kwa matumizi ya juu yaliyoandikwa kwenye kamera, kisha acha akiba ya robo hivi.

La pili ni kebo, na hapa ndipo fedha huokolewa pasipofaa. Kebo nyingi za bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba, alama yake CCA. Ukinzani wa alumini unazidi wa shaba kwa asilimia 60 hivi, kwa hiyo volti huanguka zaidi na kebo hupata joto. Pia hukatika kirahisi ikikunjwa. Kwangua waya kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani, usiitumie kwa PoE. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, na usizidishe mita 100 kutoka swichi hadi kamera, ukihesabu na vipande vya kebo vya ncha zote mbili.

Unapobana plagi za RJ45, funga waya zote 8 kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukipanga rangi kwa mpangilio wako mwenyewe, hata ukiurudia sawasawa ncha zote mbili, kipimo cha kebo chenye taa kitaonyesha kwamba kila kitu ni salama, lakini jozi (waya mbili mbili zilizosokotwa pamoja) zitakuwa zimechanganyika na data itapotea kebo ikiwa ndefu. Ukifunga waya 4 pekee, data inaweza kupita huku umeme ukikosa njia, kwa sababu baadhi ya swichi hutumia jozi za bluu na kahawia kwa umeme.

Nje ya jengo adui ni maji. Pitisha kebo kwenye kifuniko cha mpira kabla ya kubana plagi, kwa maana baadaye haipiti. Maungio yakae ndani ya boksi lililozibwa, na kebo ishuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda tena, ili maji yadondoke pale.

Upande wa data, kamera moja inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 kwa siku 30 ni zaidi ya terabaiti 10, hivyo chagua diski baada ya hesabu hiyo. Zipe kamera anwani za IP (namba za kuzitambua kwenye mtandao) zisizobadilika na ubadilishe nenosiri la kiwandani siku ileile. Programu hasidi ya Mirai ya mwaka 2016 iliteka kamera na rekoda nyingi kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Usizifungulie poti kwenye ruta (hapa poti ni mlango wa kuingilia kutoka intaneti, si tundu la kebo) ili uzione ukiwa mbali, tumia VPN, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako.

Rekoda nyingi zenye poti za PoE huziweka kamera kwenye mtandao wake wa ndani, ndiyo maana huzioni ukizitafuta kwenye mtandao wa kawaida. Ili kufungua ukurasa wa mipangilio ya kamera, kwa kawaida hutosha kuchomeka kompyuta kwenye poti mojawapo ya PoE ya rekoda na kuipa anwani ya mtandao huo.