Baht 25,000: mstari wa mshahara unaomhusu Mwafrika anayefanya kazi Thailand

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya au nchi nyingine ya Afrika isipokuwa Afrika Kusini, Uhamiaji wa Thailand umeshakupangia kima cha chini cha mshahara kabla hata hujamjua mwajiri wako: baht 25,000 kwa mwezi. Mwingereza, Mmarekani na Mjapani kima chao ni 50,000. Mkorea Kusini na Mmalaysia ni 45,000, Mhindi, Mchina na Mfilipino 35,000. Sisi tumewekwa kapu moja na watu wa Myanmar, Kambodia, Laos na Vietnam. Kampuni ya kawaida ikitaka kumwombea mgeni mwaka mmoja wa kuendelea kukaa nchini, lazima ionyeshe kwamba inamlipa angalau kiasi hicho. Walimu wa shule wana utaratibu wao, hawahusiki na mstari huu.

Nimeshughulikia makaratasi ya ajira za wageni hapa Bangkok kwa miaka tisa, na namba hiyo nimeiona ikiwaumiza ndugu zetu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwamba waajiri huigeuza kuwa bei. Sheria inasema usimlipe chini ya hapo. Mwajiri anaelewa kwamba Mwafrika ni elfu ishirini na tano, basi. Nimesoma mikataba miwili ya ofisi moja, kazi ile ile ya mauzo, cheo kile kile, Mfaransa akilipwa 50,000 na dada kutoka Uganda 25,000 kamili. Dada yule hakuwa amejadiliana chochote kwa sababu aliambiwa huo ndio mshahara wa serikali. Si kweli. Ni sakafu, na hakuna sheria inayokukataza kuomba 40,000 ukiwa na ujuzi unaostahili. Kwa mtu wa nyumbani 25,000 inasikika kama pesa nyingi, maana ni karibu shilingi laki moja za Kenya, au milioni moja na laki tisa hivi za Tanzania. Lakini chumba cha kawaida pembeni mwa jiji kitakula 6,000 au 7,000 na umeme wake, nauli za treni zitafuata, na kule nyumbani wanasubiri.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Kwenye karatasi panaandikwa 25,000, mfukoni inaingia 18,000. Kijana mmoja wa Arusha alinijia na hali hiyo. Alifanya kazi kwenye kampuni ya vito, na kila mwisho wa mwezi mshahara wote uliingia benki, kisha alitakiwa kurudisha 7,000 taslimu kwa bosi. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili wakamwachisha kwa mdomo tu. Akaniuliza, "Kaka, mimi nina haki gani na mkataba wenyewe ni wa uongo?"

Haki alikuwa nayo. Sheria ya Kulinda Wafanyakazi ya mwaka 1998 haiulizi pasipoti ya mtu. Aliyefanya kazi siku 120 lakini hajatimiza mwaka akiachishwa bila kosa hulipwa mshahara wa siku 30. Mwaka mmoja hadi mitatu, siku 90. Mitatu hadi sita, siku 180. Na ngazi hizo zinapanda hadi siku 400 kwa aliyefikisha miaka 20. Mwajiri wake alishikilia kwamba mshahara halisi ulikuwa 18,000. Ila fomu za kodi ambazo kampuni yenyewe ilizipeleka mamlaka ya mapato kila mwezi zilisema 25,000, na fomu hizo hizo ndizo ilizowaonyesha Uhamiaji. Tulifungua malalamiko kwa afisa ukaguzi wa kazi. Akalipwa 75,000. Kama mchezo huu ungechezwa kinyume, karatasi ikasema kidogo na mfukoni kikaingia kikubwa, asingepata chochote cha maana. Ndiyo maana mtu akinionyesha mkataba, jicho langu huenda kwanza kwenye mshahara wa msingi, posho baadaye.

Siku hizo 120 zina maana nyingine pia. Ukiona muda wa majaribio umeandikwa siku 119, usishangae: wanaokuachisha siku ya 119 hawadaiwi hata senti ya kiinua mgongo. Angalia na miaka. Mikataba ya Kithai huhesabu kwa kalenda ya Kibuddha, miaka 543 mbele ya yetu, kwa hiyo 2568 ni 2025. Nimeona mtu akisaini mkataba uliokuwa umebakiza miezi minne kwisha.

Katika sheria hiyo hiyo kuna mambo ambayo wengi wetu hatuyadai. Wiki ya kazi ni saa 48, na saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu. Ukiumwa, unalipwa hadi siku 30 za kazi kwa mwaka. Ukitimiza mwaka una likizo isiyopungua siku sita, na sikukuu zenye malipo hazipungui 13. Na faini zile za kuchelewa au kuvunja glasi, zinazokatwa juu kwa juu kwenye mshahara, mwajiri hana ruhusa ya kuzikata. Makato yanayoruhusiwa yametajwa, yakiwemo kodi na hifadhi ya jamii, na faini haimo. Kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti au kibali chake ni kosa la jinai.

Sasa upande wetu, kwa sababu haki zote hizo ni ngumu kuzidai kama wewe mwenyewe umevuka mstari. Kuna kazi ambazo mgeni haruhusiwi kabisa, hata awe fundi kiasi gani. Kusuka na kutengeneza nywele ni mojawapo, na najua dada zetu wangapi wanaosuka vyumbani maeneo ya Nana na Pratunam. Kuongoza watalii, kuchuuza barabarani, kuendesha gari la biashara, yote yamefungwa. Na hili linawauma vijana wa madini: kukata na kung'arisha vito. Vito vyetu vilifika huku kabla yetu. Wanunuzi wa Kithai walikuwa Tunduru tangu miaka ya 1990 wakitafuta yakuti samawi, na mpaka leo mawe ya Tanzania yanabadilishana mikono kwenye meza za mji wa Chanthaburi na katika vichochoro vya Silom hapa Bangkok. Unaweza kuajiriwa na kampuni ya vito, ukanunua, ukauza, ukathaminisha kama kibali chako kinasema hivyo. Ukishika gurudumu la kukatia jiwe, umevunja sheria. Kufanya kazi bila kibali, au kazi iliyokatazwa, faini yake ni baht 5,000 hadi 50,000, unarudishwa kwenu, na miaka miwili huruhusiwi kuomba kibali kingine.

Ruhusa ya kukaa nayo imefungwa kwenye kazi. Ajira ikiisha leo, ruhusa inaisha leo, hata kama muhuri kwenye pasipoti unasema mwezi wa kumi. Usisaini barua ya kuacha kazi kwa hasira Ijumaa jioni.

Mambo ya kila siku ni mepesi ukiyazoea: kuripoti makazi kila siku 90 (ukichelewa, faini 2,000), na mwenye nyumba kuiarifu Uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba unakaa kwake. Kupitisha muda wa viza ni baht 500 kwa siku, ikiishia 20,000, na ukikamatwa badala ya kujisalimisha unapigwa marufuku kuingia Thailand miaka mitano au kumi. Linalonihuzunisha ni la msiba. Simu inalia usiku, mama amefariki Mwanza, mtu anakimbilia uwanja wa ndege asubuhi bila kibali cha kurudi. Akivuka dirisha la Uhamiaji, mwaka wake wote wa kukaa umefutika. Kibali hicho ni baht 1,000 kwa safari moja na 3,800 kwa safari nyingi. Chukua cha safari nyingi siku ile ile unayoongezewa mwaka, kikae kwenye pasipoti, maana msiba hauna ratiba.

Nimalizie na wale ambao bado wako nyumbani wakiahidiwa "kazi ya kompyuta Thailand" kwa dola elfu moja na kitu, tiketi juu ya wakala, Kiingereza tu kinatosha. Wakenya, Waganda na Watanzania wameishia kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni huko Myawaddy, na Myawaddy iko Myanmar. Mwajiri wa kweli hukuombea viza ya kazi, ile ya Non-Immigrant B, kabla hujaondoka. Anayekwambia njoo na ya utalii tutabadilisha hukohuko, mkatae. Chanjo ya homa ya manjano utaulizwa uwanjani, beba cheti. Na kama umeshatua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, na gari likashika barabara kuelekea kaskazini magharibi, saa moja, mbili, tatu, mji umeisha na dereva hajibu, hauendi ofisini Bangkok. Unapelekwa Mae Sot, mji wa mpakani unaotazamana na Myawaddy, karibu kilomita 500. Piga 1155, polisi wa watalii, wanasikia Kiingereza. Piga wakati gari bado liko njiani, kwa sababu ukishavushwa mto Moei, ambao ndio mpaka, polisi wa Thailand hawana mamlaka huko.