Mwinuko, Mvua na Riziki: Kwa Nini Ramani ya Mikanda Haitoshi Kuieleza Afrika

Ramani ambazo wengi wetu tulisomea shuleni huligawa bara la Afrika katika mikanda ya rangi iliyolala sambamba na ikweta: msitu wa mvua katikati, kisha savana, kisha nusu jangwa, kisha jangwa lenyewe. Kila mkanda huandikiwa kazi ya watu wake, kana kwamba mkulima, mfugaji na mvuvi wamefungiwa kila mmoja ndani ya rangi yake. Ramani hiyo haisemi uongo, lakini inaficha jambo ambalo mimi, kama mwanajiografia, naliona kuwa la msingi zaidi: katika sehemu kubwa ya bara hili watu hupata riziki kwa kuunganisha mazingira mawili au matatu yaliyo jirani, na mara nyingi kinachoyatenganisha mazingira hayo ni mwinuko wa ardhi kuliko umbali kutoka ikweta.

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika ni nyanda za juu, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Wahabeshi wa Ethiopia walilijua hilo kabla ya vipimajoto, kwa maana tangu zamani wameigawa nchi yao kwa mwinuko: chini ni kolla yenye joto, panapostawi mtama, katikati ni woina dega, panapolimwa nafaka ya tefu, na juu ni dega yenye baridi, ya shayiri na kondoo. Familia iliyo kwenye mteremko mmoja inaweza kununua na kuuza katika ngazi zote tatu bila kusafiri mbali.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni Kilimanjaro. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda mlima huo, zikapoa na kumwaga maji, hivyo msitu wa upande wa kusini, kwenye mita 2,000 na kidogo, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali mji wa Moshi ulio chini yake haufikii hata nusu ya kiasi hicho. Kati ya msitu na mji ndiko viliko vihamba vya Wachaga. Ukiingia katika kihamba kinachotunzwa vizuri utaona shamba lenye ghorofa: miti mirefu ya kivuli juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na magimbi na maharage yakifunika udongo. Ng'ombe hafungwi malishoni bali hulishwa zizini, na samadi yake hurudishwa kwenye mashina ya migomba. Maji hushushwa kutoka makorongoni kwa mifereji iliyochimbwa vizazi vingi vilivyopita, na zamu za kuyatumia hupangwa na wenye mfereji wenyewe. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, nayo haikuuvunja mpangilio huo; ilijipenyeza chini ya migomba iliyokuwapo, ikaleta fedha bila kufukuza chakula.

Wageni wengi husifu kihamba wakasahau kwamba hakijitoshelezi. Kaya nyingi zimekuwa na shamba la pili kule tambarare, ambako mvua ni chache na jua ni kali, panapopandwa mahindi na maharage wakati wa masika. Baada ya mavuno, mabua na majani hupandishwa mlimani kuwa chakula cha ng'ombe wa zizini, na kazi hiyo ya kubeba mizigo kichwani kwa muda mrefu imekuwa ya wanawake. Hata mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, huonyesha muungano huo, kwa kuwa ndizi zake ni za mlimani na ulezi wake hustawi vizuri zaidi penye joto, huku chini. Kihamba kinapogawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi, au shamba la tambarare linapogeuka viwanja vya nyumba, nusu moja ya mfumo huyumba kwa sababu ya kasoro ya nusu nyingine.

Upande wa kaskazini wa mlima huohuo, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, Amboseli hupata takriban milimita 350 tu kwa mwaka. Kinachoiokoa ni maji ya mlimani yanayopenya katika miamba ya volkano na kuibuka kama chemchemi na vinamasi. Wafugaji wa Kimaasai hutawanya mifugo mbali wakati wa mvua, palipo na nyasi lakini hapana maji ya kudumu, kisha huirudisha vinamasini kiangazi. Eneo la vinamasi ni dogo, lakini thamani ya malisho yote yanayolizunguka inalitegemea, na ndiyo maana kulizungushia ua au kulilima nyanya na vitunguu vya umwagiliaji, kama ilivyotokea kwenye kinamasi cha Kimana, huwagusa wafugaji walio mbali kabisa na hapo.

Kanuni hii hufanya kazi hata mahali ambapo ardhi ni bapa, ilimradi kuna mto uliotoka milimani. Mvua za Sahel hukoma karibu mwezi Septemba, lakini mafuriko ya mto Niger, yanayoanzia hasa katika milima ya Guinea, hufika kwenye delta ya ndani ya Mali kwa kuchelewa na kukaa humo wakati nchi yote ya jirani inakauka. Maji yanapojaa, Wabozo huvua na mpunga huota majini. Yanapopungua, Wafulani huingiza ng'ombe kula nyasi zilizoachwa wazi. Ardhi ni ileile moja, wenye kuitumia ni watatu, na kinachowatenganisha ni tarehe. Katika karne ya 19 dola ya Macina iliweka taratibu za nani aingie lini na kwa njia ipi, na hadi enzi zetu siku ya ng'ombe kuvuka mto pale Diafarabé imekuwa ikipangwa kwa kutazama kina cha maji.

Kuunganisha mazingira jirani kumo hata majini: Ziwa Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa, likiwa na kina kinachofikia takriban mita 1,470. Maji ya chini yana virutubisho vingi lakini hayana hewa, na samaki hawawezi kuishi humo. Upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na hapo maji ya chini hupanda upande wa kusini yakiwa na virutubisho vinavyolisha vijimea na vijidudu ambavyo dagaa hula. Wavuvi wa Kigoma huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hutua ufukweni wakashona nyavu. Kiangazi hichohicho chenye upepo ndicho chenye jua la kuanikia, na dagaa aliyekauka vizuri husafiri hadi Burundi na Kongo. Mvua zikianza, wachuuzi wa mwaloni hukazana kuokoa samaki aliye kwenye chanja kabla hajaoza.