Kuburutwa na kutelekezwa: hofu mbili zinazoeleza maoni ya Ulaya kuhusu Marekani

Mwaka 2020, kwa mujibu wa taasisi ya utafiti ya Pew, Wajerumani wenye mtazamo mzuri kuhusu Marekani walikuwa asilimia 26 tu. Mwaka uliofuata, Joe Biden akiwa ameshaingia Ikulu ya Marekani, walifika asilimia 59. Nchi ilikuwa ile ile, na kambi zake za kijeshi huko Ujerumani zilikuwa pale pale. Kura za maoni za namna hii zinapima nini basi?

Magazeti hukimbilia kuandika "chuki dhidi ya Marekani". Wapo wenye chuki hiyo kweli, lakini chuki haipandi na kushuka kila anapobadilika rais. Kinachoeleza vizuri zaidi ni hofu mbili za mshirika mdogo: hofu ya kuburutwa na hofu ya kutelekezwa.

Maana yake ni hii. Nchi inayomtegemea mwenye nguvu kwa ulinzi wake ikimkaribia mno, inaweza kujikuta ndani ya vita ambavyo haikuvitaka. Ikijitenga naye, huenda asitokee siku itakapovamiwa. Kila inapoikimbia hofu moja, inaisogelea nyingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa makombora ya miaka ya 1980. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeanza kuweka makombora mapya ya SS-20, yenye uwezo wa kuipiga Ulaya Magharibi lakini si ardhi kuu ya Marekani. Mwaka 1977 Kansela wa Ujerumani Magharibi, Helmut Schmidt, alitoa hotuba London akieleza wasiwasi wake juu ya pengo hilo la silaha. Je, Washington ingeihatarisha miji yake yenyewe kwa ajili ya Hamburg? Hiyo ni hofu ya kutelekezwa. Desemba 1979 NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake wa Magharibi, ikaamua kwamba, mazungumzo na Wasovieti yakishindikana, makombora ya nyuklia ya Marekani yatawekwa katika nchi tano za Ulaya Magharibi. Dawa ya hofu ya kwanza ikazaa hofu ya pili. Oktoba 1983 mamia ya maelfu ya watu walijaa mitaa ya Bonn, London na The Hague, wakiamini kwamba wakubwa wawili wangepigana na uwanja wa vita ungekuwa nyumbani kwao. Picha za maandamano hayo hutumika mpaka leo kama ushahidi wa Ulaya kuikataa Marekani, na ni nadra kukumbukwa kwamba mmoja wa walioanzisha mjadala wote huo alikuwa kiongozi wa Ulaya aliyeogopa Marekani isije ikawa mbali mno.

Hofu ya kuburutwa ndiyo iliyorudi tarehe 15 Februari 2003, umma ulipofurika Roma, London, Madrid na Barcelona kupinga vita vya Iraq. Nchini Hispania takriban watu tisa katika kila kumi walivipinga, huku serikali ya José María Aznar ikimuunga mkono George W. Bush. Lakini Septemba 2001 Ulaya hiyo hiyo ilikuwa imeomboleza pamoja na New York, na NATO ikatumia kwa mara ya kwanza kifungu cha 5 cha mkataba wake, cha kulindana, kwa ajili ya Marekani. Anayesema ni chuki aeleze ilikuwa imejificha wapi siku zile.

Ukifika Warsaw mizani inageuka. Poland ilivamiwa na Ujerumani na Umoja wa Kisovieti mwaka 1939, na washirika wake, Uingereza na Ufaransa, walitangaza vita bila kuja kuiokoa. Kwa Wapolandi wengi, Marekani iliyo mbali inatisha kuliko iliyo karibu. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, asilimia 91 yao waliitazama Marekani vizuri. Finland, iliyokaa nje ya NATO kwa miongo mingi, iliingia Aprili 2023.

Tangu 2025 hofu ya kutelekezwa imefika hata Berlin. Usiku wa uchaguzi wa Ujerumani, tarehe 23 Februari 2025, Friedrich Merz, kiongozi wa chama cha CDU kilichoongoza kwa kura, alisema kipaumbele chake ni kuiimarisha Ulaya hadi ijitegemee hatua kwa hatua bila Marekani. Maneno hayo yalitoka kwa mwanasiasa wa chama kilichoutetea urafiki na Washington tangu enzi za Konrad Adenauer, kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi.

Ila Denmark inaonyesha pale dhana hii inapokwama. Denmark ilipeleka wanajeshi Afghanistan kuwasaidia Wamarekani, na zaidi ya 40 walikufa. Januari 2025 Donald Trump alikataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu kuichukua Greenland, iliyo ndani ya ufalme wa Denmark. Katika kura ya maoni ya mwezi huo, asilimia 85 ya Wagreenland walikataa kuwa sehemu ya Marekani. Hofu zote mbili huchukulia kwamba tishio linatoka kwa mtu wa tatu. Kwa Wadenmark, safari hii lilitoka kwa mlinzi mwenyewe.