Almasi za Rangi: Hiyo Rangi Inatoka Wapi?

Almasi iliyo kaboni tupu, ambayo atomi zake zimejipanga bila kasoro, haina rangi hata kidogo. Mwanga unaipita kama ulivyoingia. Kwa hiyo ukiona almasi ya njano, ya buluu, ya waridi au ya kijani, jua kuna kitu kimeuingilia huo usafi: ama ilipokea atomi zisizo za kaboni, ama ilibanwa ikapinda, ama ilipigwa na mionzi. Ajabu ni kwamba kasoro hizo ndizo zinazolipiwa pesa nyingi zaidi sokoni.

Almasi nyingi zilijijenga kilomita 150 hadi 200 chini ya ardhi, kwenye joto linalozidi nyuzi 900 za Sentigredi. Baadaye sana magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilizipandisha juu kwa kasi kupitia mikondo ya mwamba uitwao kimberlaiti. Mwadui kule Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aliugundua mgodi mwaka 1940, ni kimberlaiti ya aina hiyo, na ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani zinazochimbwa.

Njano ndiyo rahisi kueleza. Atomi ya nitrojeni inakaribiana kwa ukubwa na ya kaboni, kwa hiyo hupenya na kukaa mahali pa mwenzake bila taabu. Ikikaa peke yake hufyonza mwanga wa buluu, na unaobaki unaonekana njano iliyokolea. Lakini jiwe likikaa kwenye joto kwa mamilioni ya miaka, atomi hizo huhama polepole na kukusanyika pamoja, na rangi hufifia. Ndiyo maana njano iliyopauka ni ya kawaida na ile kali kweli kweli ni adimu.

Buluu inaletwa na boroni, tena kiasi kidogo mno: atomi moja kati ya milioni moja inatosha. Almasi hizi hupitisha umeme, jambo ambalo almasi za kawaida haziwezi. Almasi maarufu ya buluu iitwayo Hope, yenye karati 45.52 (karati moja ni sehemu moja ya tano ya gramu) na inayotunzwa Washington, ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, kisha ukazima taa, hubaki inawaka wekundu gizani kwa sekunde kadhaa. Utafiti uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba nyingi za aina hii zilizaliwa kwenye kina kirefu kuliko almasi nyingine, kufikia kilomita 660, na kwamba huenda boroni yake ilishuka huko na sakafu ya bahari za kale iliyozama ndani ya dunia.

Waridi ni habari nyingine kabisa, maana hapa hakuna atomi ngeni ya kulaumiwa. Jiwe lilikuwa limekwisha kuumbika pale miamba iliyolizunguka ilipolisukuma na kulikamua. Almasi haikuvunjika, safu za atomi ziliteleza kidogo, kama mkeka uliovutwa pembe moja ukaenda upande ila haukufumuka. Katika mawe mengi ya mgodi wa Argyle, Australia Magharibi, ukitazama kwa kioo cha kukuzia unaona mistari myembamba iliyokwenda sambamba: rangi imekaa kwenye mistari, na katikati yake jiwe ni jeupe. Kasoro yenyewe hasa, ile inayofyonza mwanga wa kijani ili waridi ubaki, wanasayansi bado wanabishana kuihusu. Na mbano ukizidi, jiwe huwa la kahawia, rangi ambayo soko huilipa kidogo sana.

Argyle, uliofungwa mwaka 2020, ndio uliotoa zaidi ya asilimia 90 ya almasi za waridi. Zile za Mwadui ni chache, lakini zina sifa yake: zinazojulikana zaidi hazina nitrojeni ya kutajika, na waridi wake umeenea jiwe zima. Jiwe la karati 54.5 lililopatikana hapo mwaka 1947 Williamson alimpa Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa bado binti mfalme, kuwa zawadi ya harusi. Lilipochongwa likabaki karati 23.6. Jingine la Mwadui, lenye karati 11.15 tu baada ya kuchongwa, liliuzwa Hong Kong Oktoba 2022 kwa dola milioni 57.7. Karati 11.15 ni gramu mbili na ushee!

Kijani huja mwishoni, almasi ikiwa imeshafika karibu na uso wa dunia. Ikilala kwa miaka mingi jirani na madini yenye urani au thoriamu, mionzi huzing'oa atomi za kaboni mahali pake na kuacha nafasi tupu. Mara nyingi mionzi hiyo haipenyi zaidi ya sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo kijani huwa ngozi tu, na mchongaji akisugua anabaki na jiwe jeupe. Wengine huacha kipande cha ngozi hiyo makusudi ukingoni. Iliyo kijani mpaka ndani, kama ile ya karati 41 iliyoko Dresden, Ujerumani, ni nadra sana. Tena kwa kuwa leo mtu anaweza kuipiga almasi kwa mionzi kiwandani akapata rangi hiyo hiyo, kijani ndiyo inayowasumbua zaidi wakaguzi wa maabara wanapotakiwa kuandika kwenye cheti kwamba rangi ni ya asili.